Risasi za kujaza kwa mkono: kwa nini kichwa kilichochovywa shaba kinahitaji uangalifu kwenye rivolva?

Aliyewahi kuona gobori likijazwa anaijua kazi yenyewe. Baruti inamiminwa mdomoni mwa mtutu, inashindiliwa kwa ufito, kisha inafuata goroli, na mwisho fataki. Baruti ikizidi, mtutu unaweza kupasuka. Ikipungua, goroli halifiki. Dhamana yote iko mikononi mwa anayejaza.

Nchini Marekani wako watu wengi wanaofanya kazi ya namna hiyo mpaka leo, ingawa silaha zao ni za kisasa. Wanaokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, wanayasafisha, na kuyajaza upya mezani kwao. Wengine hufanya hivyo ili kupunguza gharama. Wengine wanatafuta kitu kimoja tu: risasi inayopiga palepale inapolengwa, kila mara.

Katika makala hii tunaeleza sehemu moja ya kazi hiyo inayowasumbua hata wazoefu: kupata risasi yenye shabaha nzuri kwa kutumia vichwa vilivyochovywa shaba, kwenye bastola ya silinda, yaani rivolva. Hatufundishi kutengeneza risasi, na hatutaji vipimo vya baruti. Huku kwetu kazi hiyo inadhibitiwa na sheria, kama tutakavyoona mwishoni.

Kwanza, tuelewane kwa maneno

Neno risasi kwa Kiswahili lina maana zaidi ya moja, kwa hiyo tutayatenganisha. Tukisema risasi nzima, tunamaanisha ile inayoingizwa kwenye silaha ikiwa kamili. Tukisema kichwa, ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kwenda kwenye shabaha. Tukisema madini ya risasi, ni ile metali laini na nzito ambayo wavuvi huifanya chubwi za nyavu.

Risasi nzima ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya manjano. Ya pili ni fataki, iliyo chini ya ganda, ambayo hulipuka inapogongwa. Ya tatu ni baruti, iliyo ndani. Ya nne ni kichwa, kilichoshikwa mdomoni mwa ganda.

Risasi inapopigwa, fataki huwasha baruti. Baruti huungua upesi sana na kuwa gesi. Gesi inakosa nafasi, inasukuma kichwa, na kichwa kinapita mtutuni. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa mzunguko, nayo hukizungusha kichwa ili kiende bila kupepesuka.

Fataki na baruti hutumika mara moja tu. Kichwa nacho kimekwenda. Ganda ndilo linalobaki, na ndilo linaloweza kutumika tena mara nyingi.

Kwa nini Wamarekani wanajaza wenyewe?

Desturi hii ni ya zamani. Kampuni ya Lyman, ambayo historia yake inafika hadi karne ya 19, bado inatoa vifaa na vitabu vya kujazia risasi. Mwaka 1943, huko Oroville katika jimbo la California, Fred Huntington alianzisha kampuni ya RCBS, ambayo mashine zake za mezani zilienea kote. Mwaka 1958 Richard Lee wa jimbo la Wisconsin akaanza kuuza kifaa kidogo cha bei nafuu kilichohitaji nyundo tu.

Sheria ya kitaifa ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1968, inamtaka mtu anayetengeneza risasi kwa ajili ya kuuza awe na leseni. Anayejaza za matumizi yake mwenyewe haitaji leseni hiyo, ingawa majimbo yanaweza kuwa na masharti yao.

Wakati wa janga la corona, kuanzia mwaka 2020, risasi ziliadimika madukani na bei ikapanda. Hata fataki zilikosekana. Wengi waliokuwa na akiba nyumbani waliendelea kufanya mazoezi, na wageni wengi wakavutiwa na kazi hii.

Aina tatu za vichwa

Kichwa cha kwanza ni cha madini ya risasi matupu. Ni cha bei ndogo na ni laini. Kikiwa na ukubwa unaofaa, huziba mtutu vizuri. Ubaya wake ni kwamba ukubwa usipofaa, au mwendo ukizidi uwezo wake, huacha utando wa madini ndani ya mtutu, na kinatoa moshi.

Kichwa cha pili ni kilichovikwa koti la shaba nyekundu. Koti hilo ni nene, linatengenezwa peke yake, kisha madini ya risasi yanashindiliwa ndani yake. Ni imara, kinastahimili mwendo mkali, lakini bei yake iko juu.

Kichwa cha tatu kiko katikati, nacho ndicho tunachozungumzia. Kiini cha madini laini ya risasi kinatumbukizwa katika maji yenye dawa na shaba, kisha umeme unapitishwa. Shaba inajishika juu yake kidogo kidogo mpaka kinafunikwa chote. Ni kama mkufu uliochovywa dhahabu: juu unang'aa, ndani ni metali nyingine. Miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana ni Berry's Manufacturing ya jimbo la Utah na Rainier Ballistics ya jimbo la Washington.

Kichwa hiki ni nafuu kuliko chenye koti na ni kisafi kuliko cha madini matupu. Kwa macho kinafanana kabisa na chenye koti, na hapo ndipo watu hukosea. Ngozi yake ya shaba ni nyembamba, na chini yake ni ulaini ule ule wa madini ya risasi. Ukikitendea kama chenye koti nene, kinaharibika. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka kikomo cha mwendo. Kwa vichwa vya kawaida vya kuchovywa, kikomo hicho mara nyingi ni karibu na mita 365 kwa sekunde. Vyenye ngozi nene zaidi huruhusiwa kwenda kasi zaidi.

Rivolva ina tabia zake

Bastola nyingi za kisasa hulishwa risasi kutoka kasha lililo ndani ya mpini, na zote huingia katika chumba kimoja kilichounganika na mtutu. Rivolva ni tofauti. Ina silinda inayozunguka, na mara nyingi silinda hiyo ina vyumba vitano au sita. Kila chumba kinakuja kwa zamu yake mbele ya mtutu.

Maana yake ni kwamba rivolva yenye vyumba sita ni kama bunduki sita zinazotumia mtutu mmoja. Chumba kimoja kinaweza kuwa kimenyooka sawasawa na mtutu, na kingine kikawa kimepotoka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho.

Halafu kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, mwembamba kama unene wa karatasi moja au mbili. Kichwa kinauruka mwanya huo kabla ya kuingia mtutuni. Kikiingia upande upande, hata kidogo, kinakwaruzwa. Kwa kichwa chenye ngozi nyembamba, mkwaruzo ni jambo kubwa.

Mbele ya kila chumba kuna koo, yaani sehemu nyembamba ambamo kichwa hupita. Koo likiwa dogo kuliko mtutu, kichwa kinaminywa kwanza, kisha kinaingia mtutuni kikiwa kimelegea. Tofauti inayoleta shida hapa ni ndogo mno. Kwa risasi ya .38 Special, kichwa chenye koti kwa kawaida ni inchi 0.357, na cha madini matupu ni inchi 0.358. Tofauti hiyo ni sehemu mbili na nusu tu za milimita moja iliyogawanywa mara mia. Hata hivyo, mpigaji mzoefu huipima koo ya kila chumba kabla ya kununua vichwa.

Kubana mdomo wa ganda: pakali kuwili

Rivolva inapopigwa, inaruka nyuma kwa nguvu. Risasi zilizobaki katika vyumba vingine nazo zinavutwa nyuma pamoja nayo, lakini vichwa vyake, kwa uzito wake, vinabaki kana kwamba havitaki kwenda. Kama mdomo wa ganda haukukishika kichwa vizuri, kichwa kinachomoka kidogo kwenda mbele. Kikichomoka sana, ncha yake inatokeza nje ya silinda na silinda haizunguki tena. Silaha imekwama.

Dawa ya kawaida ni kubana mdomo wa ganda kwa ndani ili ukishike kichwa. Vichwa vingi vyenye koti vya rivolva vina mfereji mdogo uliochongwa kuzunguka ubavu, na mdomo wa ganda hukunjwa ndani ya mfereji huo. Lakini vichwa vingi vya kuchovywa havina mfereji.

Hapa ndipo penye kitendawili. Ukibana kidogo, kichwa kinachomoka. Ukibana sana, mdomo wa ganda unaikata ngozi ya shaba. Kichwa kilichokatwa ngozi kinaweza kuchanika mtutuni, vipande vya shaba vikaenda njia yake na kiini njia yake. Au kinatoka kikiyumba na kupiga karatasi kwa ubavu, kikaacha tundu refu badala ya la duara. Mpigaji akiliona tundu la namna hiyo, anajua kuna jambo limeharibika.

Tatizo lingine huanza mapema zaidi, wakati kichwa kinapoingizwa kwenye ganda. Mdomo wa ganda usipopanuliwa kidogo kwanza, ukingo wake unakikwangua kichwa kinaposhuka. Mkwaruzo huo unafichika ndani ya ganda, na mtu hawezi kuuona tena. Matokeo yake huonekana kwenye shabaha.

Basi wajazaji wazoefu hufanya nini? Wanapanua mdomo kiasi cha kutosha, kisha wanaubana taratibu, kwa mnyooko badala ya kuukunja kwa nguvu. Halafu wanajaribu kwa njia mbili. Kwanza, wanakichomoa kichwa kimoja kutoka kwenye ganda na kukitazama: alama ya kubanwa inatakiwa ionekane, lakini ngozi isiwe imekatika. Pili, wanajaza silinda, wanapiga risasi zote isipokuwa moja, wanaitoa hiyo iliyobaki na kuipima urefu. Kama imerefuka, haikubanwa vya kutosha.

Maganda nayo lazima yawe ya urefu mmoja. Ganda refu litabanwa zaidi na fupi litabanwa kidogo, ingawa mashine haikuguswa. Kwa sababu hiyo wengi hutenga maganda kwa kampuni iliyoyatengeneza na kuyapima.

Baruti: kitabu kwanza

Hakuna mjazaji mwenye akili anayekisia baruti. Watengenezaji wa baruti na wa vichwa huchapisha vitabu vyenye kiwango cha kuanzia na kiwango cha juu kabisa kwa kila aina. Vipimo hivyo hutokana na majaribio ya maabara yenye vyombo vya kupimia shinikizo.

Viwango vya shinikizo vinawekwa na chama cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani, SAAMI, kilichoanzishwa mwaka 1926. Kwa .38 Special, kikomo ni pauni 17,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina karibu pauni 30. Shinikizo ndani ya ganda hilo dogo, basi, ni zaidi ya mara 500 ya upepo wa tairi. Kwa .357 Magnum, kikomo ni pauni 35,000, yaani zaidi ya maradufu. Ganda la .357 Magnum lilifanywa refu kwa milimita tatu na kidogo, ili lisiingie katika rivolva ya .38 ambayo haikujengwa kwa nguvu hizo.

Kwa vichwa vya kuchovywa, ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kufuata vipimo vya vichwa vya madini matupu, au vile vya chini na vya kati vya vichwa vyenye koti. Vipimo vya juu kabisa vya vichwa vyenye koti havifai.

Na mara nyingi shabaha bora haipatikani kwenye nguvu nyingi. Inapatikana mahali pa kati, ambapo baruti inaungua kwa namna ile ile kila risasi na kichwa hakiteswi. Mtu anayeongeza baruti akidhani anaongeza shabaha huishia kuongeza kelele na hatari.

Kuna jambo jingine kuhusu .38 Special. Ganda lake lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi za baruti nyeusi iliyojaza nafasi kubwa. Baruti za kisasa zina nguvu kwa kiasi kidogo, kwa hiyo ganda linabaki na nafasi kubwa tupu. Baruti ikilala upande wa fataki, mwendo wa kichwa unakuwa mmoja. Ikilala upande wa kichwa, unakuwa mwingine. Baruti zinazojali sana jambo hili hutoa risasi zisizofanana, hata kama zilipimwa kwa mizani moja.

Shabaha hutafutwaje?

Mtu anapiga risasi tano, matundu yote yanakaa pamoja kama punje kiganjani. Anafurahi na kusema amepata. Siku ya pili anapiga tano nyingine za aina ile ile, matundu yanatawanyika. Kwa nini? Kwa sababu risasi tano ni chache. Ile ya kwanza huenda ilikuwa bahati.

Mkulima analielewa jambo hili. Ukitaka kujua kati ya mbegu mbili za mahindi ipi ni bora, hupandi mashimo matano ya kila moja na kuamua. Utapanda mistari kadhaa, kwenye udongo ule ule, kwa mbolea ile ile, na kama unaweza utarudia msimu mwingine. Na hubadilishi mbegu na mbolea kwa pamoja, maana hutajua kilicholeta mavuno.

Wajazaji makini hufuata utaratibu huo huo. Wanaanza na kiwango cha chini cha kitabu na kupanda kwa hatua ndogo, bila kuvuka kikomo. Wanabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: baruti, au kichwa, au kiasi cha kubana. Wanapigia mezani, mikono ikiwa imeegemea mfuko wa mchanga, mara nyingi kwa umbali wa yadi 25, ambazo ni mita 23 hivi. Lengo ni kuondoa mtetemeko wa mkono ili ibaki kazi ya risasi.

Kwa rivolva kuna hatua ya ziada. Wanavipa vyumba namba, kisha wanaangalia kila tundu limetoka chumba gani. Mara nyingine matundu matano hukaa pamoja na la sita hujitenga, na kumbe kila mara ni chumba kile kile. Hapo kosa si la risasi. Ni la silaha, na kazi ni ya fundi.

Kila kitu kinaandikwa daftarini: tarehe, baruti, kichwa, urefu wa risasi nzima, hali ya hewa, na matokeo. Aina iliyoshinda inarudiwa siku nyingine kabla ya kuaminiwa.

Makosa yanayogharimu vidole na macho

Hatari kubwa ni mbili, na zote hutokana na kukosa umakini kwa sekunde chache.

Ya kwanza ni kujaza baruti mara mbili. Kwa kuwa ganda la .38 lina nafasi kubwa, kipimo cha pili kinaweza kuingia bila kumwagika. Risasi hiyo inaweza kuipasua silinda mkononi mwa mpigaji. Ndiyo maana wajazaji hupanga maganda kwenye kibao chenye matundu na kumulika ndani ya kila moja kwa taa kabla ya kuweka vichwa.

Ya pili ni kusahau baruti kabisa, au kuweka kidogo mno. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka mtutuni, lakini si ya kukitoa nje. Mpigaji husikia mlio mdogo usio wa kawaida. Akipiga tena, kichwa cha pili kinakutana na cha kwanza, na mtutu unavimba au kupasuka. Kanuni yao ni moja: mlio ukiwa wa ajabu, simama, ondoa risasi zote, kagua mtutu.

Kuna na hatari isiyopiga kelele, nayo inatuhusu hata sisi tusio na bastola. Madini ya risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo wao. Wanaoyeyusha betri kuukuu au kutengeneza chubwi za nyavu jikoni wako katika hatari hiyo hiyo. Kazi hiyo isifanyike ndani ya nyumba wala karibu na watoto, sufuria yake isirudi kupikia, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Sheria ya huku kwetu

Uhuru wa Mmarekani kujaza risasi nyumbani haupo Afrika Mashariki. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Katika nchi zote mbili, kutengeneza risasi bila idhini ni kosa la jinai, na hata gobori la babu linahitaji kibali. Mwenye silaha kihalali anunue risasi kwa muuzaji mwenye leseni.

Ukiokota risasi shambani au porini, usiifungue, usiitupe motoni, na usimwachie mtoto aichezee. Iache ilipo, weka alama, kisha toa taarifa kituo cha polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwa ufupi

Kichwa kilichochovywa shaba ni nafuu na kisafi, lakini ngozi yake ni nyembamba kuliko inavyoonekana. Kwenye rivolva kinatakiwa kibanwe vya kutosha ili kisichomoke, na kisibanwe mpaka kikakatika. Baruti yake hufuata kitabu, na mara nyingi kiwango cha kati hushinda cha juu. Shabaha yake haithibitishwi kwa risasi tano za siku moja. Na kama ilivyokuwa kwa gobori, hakuna anayeweza kuona kilichomo ndani ya ganda likishafungwa, isipokuwa yule aliyelijaza.